Pombe Iliyompa Nurse Tuzo ya Nobel: Kweli au Uongo?

Mwaka 2001 Mwingereza Paul Nurse alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt, kwa kueleza jinsi seli zinavyoratibu kujigawanya kwake. Yeye alitumia hamira. Mengine yanayosemwa yana chumvi.

"Hamira yenyewe, Schizosaccharomyces pombe, imefanana jina na kinywaji chetu kwa bahati tu."

Uongo. Neno ni letu hasa. Mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, aliieleza mwaka 1893 baada ya kuikuta katika pombe ya kienyeji kutoka Afrika Mashariki.

"Nurse alikuwa kinara wa darasa."

Uongo. Alifeli mtihani wa Kifaransa mara sita, na bila lugha ya kigeni chuo kikuu hukupokelewa. Akawa fundi wa maabara katika kiwanda cha bia cha Guinness, London (pombe tena!), mpaka Chuo Kikuu cha Birmingham kilipomfungulia mlango.

"Seli ikishakua, inajigawanya tu."

Nusu kweli. Hamira hii ina umbo la kijiti: hurefuka bila kunenepa, kisha hukatika katikati. Lakini ruhusa lazima itoke mahali. Miaka ya 1970, kule Edinburgh, Nurse aliona kwenye hadubini seli zilizokatika kabla ya kutimiza urefu. Akaziita wee, Waskoti wanavyoita kitu kidogo, akaanza kutafuta nyingine. Ijumaa moja jioni, mvua ikinyesha, alikuta kisahani kimeota ukungu. Akakitupa, akaenda zake nyumbani. Baada ya kula, dhamira ikamsuta. Akarudi maabara, akakitoa kwenye taka. Seli za kisahani hicho ndizo zilizomfikisha kwenye jeni ya cdc2: ikiharibika hivi, seli hujigawanya mapema, ikiharibika vile, haijigawanyi kabisa. Swichi ndiyo hiyo. Nikisoma habari za Nobel, mimi hukumbuka lile pipa la taka.

"Ya hamira hayamhusu binadamu."

Uongo mtupu. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walichukua hamira yenye cdc2 mbovu, wakaitilia jeni za binadamu. Moja ikashika kazi, hamira ikaendelea kujigawanya kama kawaida. Na koo zetu zimeachana na hamira zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita!

"Basi saratani imepata tiba."

Hapana, ingawa msingi upo. Saratani ni seli zinazojigawanya bila kungoja ruhusa. Palbociclib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa aina fulani ya saratani ya matiti, huzuia protini zilizo ndugu wa ile ya cdc2. Huchelewesha ugonjwa, haiungʼoi.

Na akija mtu kukuuzia kibuyu cha pombe kama dawa ya saratani kwa kuwa "hata Nobel imetoka humo", mwambie Nurse aliichungulia kwa hadubini, hakumnywesha mgonjwa.