Kapi, Roda na Gofia: Istilahi za Kifaa cha Kupachika kwenye Fremu ya Mazoezi

Msomaji wetu mmoja wa Mkumbi, wilayani Mbinga, ametuletea swali ambalo twaona linafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Ametakiwa kufasiri kwa Kiswahili maelezo ya kifaa kinachopachikwa kwenye fremu ya vyuma ya kufanyia mazoezi nyumbani. Kamba ya chuma hupita juu ya magurudumu madogo; upande mmoja pana vyuma vya uzito, na upande wa pili pana mpini wa kuvutwa. Vijana wa huko wanataka kujua kifaa kipi wanunue, au kipi wamwombe fundi wa kuchomelea awatengenezee kwa bomba za mraba. Msomaji anauliza: sehemu za kifaa hiki ziitweje?

Swali laonekana dogo, lakini si dogo. Maneno ya mfasiri hayataishia katika karatasi. Yatamfikia fundi, naye atakata chuma kwa kuyafuata. Kisha mtu atakaa chini ya uzito huo na kuuvuta. Jina moja likibeba maana tatu, kosa litakalotokea halitakuwa la sarufi.

Hazina iliyopo

Utaratibu wa kuunda istilahi watutaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za kwetu, ndipo tukope kutoka nje. Katika jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali, kwa maana mabaharia wa pwani wamekuwa wakiinua mizigo mizito kwa kamba na magurudumu tangu zamani. Katika chombo cha tanga, henza ni kamba nene inayofungwa kwenye foromali; jarari ni kamba inayopitishwa katika abedari na gofia ili foromali ipande pamoja na tanga lake. Zaidi ya hayo tunayo maneno mawili yenye maana pana, yaani kapi, na roda, ambalo asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya gurudumu.

Je, tuyachukue yote? Tunaona si busara. Abedari, gofia, henza na jarari ni majina ya vitu vya chomboni, na kila moja limefungamana na mahali pake na kazi yake. Mvuvi wa Liuli au wa Mbamba Bay anayeendesha mtumbwi wake kwa kafi hana foromali ya kupandisha. Na mkulima wa kahawa wa milima ya Umatengo yu mbali zaidi na mambo hayo. Tukimwambia avute jarari, tutakuwa tumempa neno zuri lisilomwelekeza popote. Kapi, kwa upande wake, limekwisha kuingia katika masomo ya mashine sahili, pamoja na wenzo. Aidha, mwananchi yeyote aliyewahi kupandisha bendera kwa kamba ipitayo juu ya kigurudumu kilicho kileleni mwa mlingoti amekwisha kulitumia kapi, hata kama hakuwahi kulitaja.

Mafundi wa mashine za kusaga nao wanalo neno puli. Neno hilo tuliache mahali lilipo: ni gurudumu linalozungushwa kwa mkanda ili kupeleka mwendo kutoka katika injini. Kapi tunalolizungumzia hapa halipeleki mwendo wa injini. Linaongoza kamba inayoinua mzigo.

Pana kikwazo kimoja. Wingi wa kapi ni makapi, na makapi ni pia mabaki ya nafaka iliyopepetwa. Katika nchi ya wakulima jambo hili litaleta kicheko kidogo, lakini halitaleta utatanishi, kwa kuwa hakuna atakayepachika pumba juu ya nguzo ya chuma. Maneno yanayofanana kwa umbo yako mengi katika kila lugha, nayo hutenganishwa na muktadha.

Kapi tuli na kapi tembezi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kapi lililofungwa mahali pamoja, lisilosogea, hubadili mwelekeo wa kani tu. Ukipakia vyuma vya kilo 40, mkono wako utahisi kilo 40, pamoja na nyongeza kidogo kwa sababu ya msuguano. Na ukivuta kamba mita 1, uzito utapanda mita 1. Kapi la aina hii tunaliita kapi tuli.

Lakini kama kapi limefungwa kwenye mzigo wenyewe na linapanda pamoja nao, mzigo huo huchukuliwa na sehemu mbili za kamba. Kilo zile zile 40 sasa zitahisiwa kama kilo 20. Wepesi huo haukupatikana bure: ili uzito upande mita 1, kamba itavutwa mita 2. Kapi hili tunaliita kapi tembezi, kama vile watumishi wa afya wanavyosema kliniki tembezi kwa ile inayowafuata wananchi waliko.

Mfasiri akiandika “kapi” tu bila kutenganisha aina hizi mbili, mnunuzi hawezi kujua anachonunua. Tangazo lisemalo kwamba kifaa kinachukua kilo 100 halijamwambia kama mkono utahisi kilo 100 au 50. Kwa hiyo tunapendekeza maneno mawili yatumike daima: mzigo, kwa uzito uliopakiwa, na jitihada, kwa kani anayoitoa mvutaji. Maneno haya si mageni kwa walimu, kwani ndiyo yatumikayo pamoja na egemeo katika somo la wenzo.

Majina yenye ubishi

Kwanza ni kamba. Wapo wanaosema waya, na wapo wanaosema kebo. Waya humpeleka msomaji kwenye umeme, na kebo vilevile. Kilichopo ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja, mara nyingi zikafunikwa kwa plastiki. Basi kiitwe kamba ya chuma.

Pili ni fremu. Neno kiunzi lingefaa kwa maana ya umbo linalobeba vitu vingine, lakini katika michezo kiunzi ni kile kizuizi kinachorukwa na wakimbiaji. Kwa kuwa maneno yote mawili yangetumika katika uwanja ule ule wa michezo, tumechagua fremu, ambalo limekwisha kuzoeleka.

Tatu ni kifaa chenyewe kwa ujumla wake. Kiambatisho ni neno la ofisini. Humaanisha karatasi inayofuatana na barua. Chuma hakiambatishwi, hupachikwa. Tunapendekeza kifaa cha kapi cha kupachika.

Kuchagua kwa kutumia maneno haya

Istilahi hupimwa kwa kazi. Tuone basi kama maneno haya yanatosha kumshauri mnunuzi wa Mkumbi.

Ajiulize kwanza anataka mazoezi gani. Kama shabaha yake ni kuvuta mzigo mkubwa, kapi tuli litamfaa, kwa maana jitihada hulingana na mzigo. Kama anataka mivuto mirefu na myepesi ya mkono mmoja, kapi tembezi lina manufaa: pale ambapo mzigo una nafasi ya kupanda mita 1 tu ndani ya fremu, mvutaji atapata mvuto wa mita 2. Lakini akumbuke kwamba atahitaji vyuma vingi zaidi ili kupata jitihada ile ile.

Pili, apime nguzo za fremu kwa milimita, upana wake, kipenyo cha matundu na nafasi kati ya tundu na tundu, kabla ya kulipa hata senti moja. Fremu hazitengenezwi kwa kipimo kimoja, na kifaa kilichotobolewa kwa nguzo nyingine hakitaingia.

Tatu, aitazame roda. Roda nyembamba mno kwa kipenyo hukunja kamba kwa ghafula, na kamba inayokunjwa hivyo mara nyingi hukatika nyuzi upesi. Mfuo wa roda uwe na upana unaoilingana kamba, na katikati pawe na beringi ili msuguano upungue. Kamba ikionyesha nyuzi zilizokatika, ibadilishwe, isifungwe fundo.

Mapendekezo

Kapi: kifaa kizima, yaani roda, ekseli yake na kikingio kinachoishika.
Roda: gurudumu peke yake, lenye mfuo wa kupitishia kamba.
Mfuo: mchirizi uliozunguka ukingo wa roda.
Kapi tuli: kapi lisilosogea wakati mzigo unapopanda.
Kapi tembezi: kapi linalosogea pamoja na mzigo.
Kamba ya chuma: kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma.
Kibebeo: sehemu inayopakiwa vyuma vya uzito.
Mzigo: uzito uliopakiwa kwenye kibebeo.
Jitihada: kani inayotolewa na mvutaji.

Tunajua kwamba roda limetumiwa na wengine kwa kifaa kizima, na na wengine kwa gurudumu tu. Tumelipa maana ya pili ili kila kitu kiwe na jina lake, na fundi akiambiwa “badilisha roda” asije akang’oa kapi zima.

Walimu wa sayansi, mafundi, na hasa wasomaji wa mwambao wa Ziwa Nyasa na wa pwani wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wao kwa sehemu hizi. Penye neno lililo bora kuliko letu, na ambalo wananchi wanalo tayari, letu litaondolewa.