Biashara inauza lakini pesa haionekani? Hesabu mzigo kama wa baa

Mimi ni meneja wa baa kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, Ushongo, huku Pangani. Leo nawapa hesabu ninayoifanya kila zamu inapobadilika. Inafaa kwa anayeuza madera WhatsApp, korosho Instagram, chochote.

Hesabu yenyewe ni hii:

KIANZIO + KILICHOINGIA − KILICHOBAKI = KILICHOTOKA

Kilichotoka ndicho unachokilinganisha na pesa. Basi.

Mfano. Chupa ya pombe kali ya mililita 750, ukipima toti za mililita 30, inatoa toti 25. Nimeanza na chupa 4 (toti 100), zikaingia 2 (toti 50), zimebaki toti 85. Zimetoka 65. Mauzo yanaonyesha 60. Toti 5 ziko wapi? Tuseme toti ni 3,000, hapo imepotea 15,000 kwa zamu moja.

Sasa usikimbilie kusema "nimeibiwa". Mhudumu akimimina kwa jicho, akazidisha mililita 5 tu, chupa ile ile inatoa toti 21 badala ya 25. Nne zimeondoka na hakuna mwizi. Ndiyo maana kaunta ina kipimo, na pia daftari la vitu vinavyotoka bila pesa: kilichovunjika, kilichomwagika, ofa ya mgeni. Kila kimoja kinaandikwa palepale, na anayetoka zamu na anayeingia wanahesabu pamoja na kusaini.

Kwako wewe inakuwa hivi:

1. Unafunga korosho? Kilo 1 ni pakiti 10 za gramu 100. Ukijaza gramu 110, unapata 9 tu. Ile ya kumi ndiyo huenda ilikuwa faida yako. Tumia mzani, siyo mkono.

2. Dera alilochukua shangazi, la kupigia picha, lililorudishwa na mteja: andika yote. Kilichorudi kiingie tena kwenye hesabu.

3. Chagua siku moja ya wiki, hesabu kabla hujapokea oda. Linganisha na meseji za miamala ya simu pamoja na keshi aliyoleta bodaboda.

4. Kama una msaidizi, hesabuni wote wawili. Ukihesabu peke yako halafu ukamwita, hapo unamtuhumu. Mkihesabu pamoja, mnatafuta wote.

Faida nyingine: unajua lini uagize. Huku Ushongo kitu kikiisha huwezi kuchungulia duka la jirani, mzigo wetu unatoka Tanga mjini na lazima uvuke mto Pangani. Masika barabara ikiharibika ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila kinywaji kina kiwango chake cha chini, tukikifikia tu naagiza. Na wewe unayesubiri mzigo wa Kariakoo, weka kiwango chako, usije ukamwambia mteja "zimeisha" wakati ameshaandaa hela.

Wengi mtaji unaisha polepole, huku dada wa dukani akifukuzwa kwa wizi ambao haukuwepo. Daftari na kalamu havifiki hata bei ya dera moja. Anza wiki hii, kisha tuambie kwenye komenti: umekuta pengo la kiasi gani, na limetokea wapi?