Pikipiki ya kanisa inapovuja mafuta: tutafute chanzo kwanza

Katika parokia zetu nyingi bado kuna pikipiki za zamani zinazobeba wachungaji na wainjilisti hadi vituo vya mbali. Honda CG 125, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka 1976, na za aina hiyo zingali zinapanda milima yetu. Ikiacha doa jeusi chini kila asubuhi, tusilizoee. Injini hiyo inabeba karibu litre moja tu ya mafuta, na hayo hayo yanalainisha pistoni, klachi na gia. Yakipungua sana, injini inaweza kukwama porini. Yakifika kwenye tairi la nyuma, mtu anaweza kuanguka kwenye kona.

Chanzo kiko wapi?

Mahali tone linapoanguka si lazima pawe mahali linapotokea. Mafuta hushuka, na upepo wa safari huyasukuma nyuma. Kwa hiyo osha injini ikiwa baridi, kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto wowote. Ikauke kabisa, kisha ipake poda ya mtoto. Iwashe dakika chache utazame: poda italowa pale mafuta yanapoanzia.

Kabla ya kufungua chochote, angalia mambo mawili. La kwanza ni kipimo: mafuta yakizidi, yatatafuta njia ya kutoka. Pikipiki isimame wima, na kijiti kiingizwe bila kukizungusha. La pili ni mrija wa kupumulia wa injini. Ukizibwa na matope, hewa inabanwa ndani na kusukuma mafuta nje. Pikipiki moja ya kwetu ilibadilishiwa jwenti mara mbili kwa sadaka za waumini, na ikaendelea kuvuja. Mrija huo uliposafishwa, ilinyamaza.

Kutengeneza

Kama ni jwenti ya kifuniko, mwaga mafuta kwanza. Ondoa mabaki ya jwenti kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, maana aluminiamu huchubuka upesi. Kaza bulo kidogo kidogo, kwa kupishana pande. Usikaze kwa nguvu zote. Bulo ya kumwagia mafuta hasa ikiharibu nyuzi zake, gharama inakuwa kubwa. Silikoni ikizidi huvunjika ndani na kuziba chujio.

Kama ni pete ya mpira kwenye mhimili wa gia au wa meno ya mnyororo, safisha mchanga wote, paka pete mpya mafuta, na uiingize sawasawa. Ukiona mhimili wenyewe umelika, pete mpya haitadumu.

Mafuta machafu yaweke kwenye bidoni. Yasimwagwe karibu na chemchemi wala shamba.

Kujaribu

Usimkabidhi mwinjilisti pikipiki Jumamosi jioni ili Jumapili aende mbali. Ijaribiwe mapema. Mwache fundi au dereva mzoefu, mwenye kofia ya kinga, aende kilomita mbili au tatu kwenye tambarare, akijaribu breki kwanza. Arudi, atazame chini ya injini na kwenye tairi. Kisha apande mlima, kwa sababu uvujaji mwingine huonekana injini ikiwa moto tu. Usiku tandika karatasi safi chini yake. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, pima mafuta tena, ndipo useme imepona.

Kamati ya parokia iandike kwenye daftari tarehe, kilichobadilishwa na mafuta yaliyoongezwa. Bwana Yesu alifundisha juu ya uaminifu katika mambo madogo (Luka 16:10). Tone moja la mafuta ni dogo, lakini nyuma yake kuna sadaka ya mjane, na mbele yake kuna mtumishi aliye peke yake barabarani.