Mtu mmoja, meza mbili: kwa nini ndege ziligongana angani Überlingen

Ukikaa nje usiku ukatazama juu, utaona taa ya ndege ikipita taratibu, na baada ya muda nyingine ikikatiza njia ileile. Je, nani anahakikisha hazikutani?

Kazi hiyo ni ya waongoza ndege. Wanakaa chini, mbele ya rada, wakizungumza na marubani kwa redio. Katika anga ya juu, kwa kawaida ndege zinazopishana huachana kwa kimo cha futi 1,000, karibu mita 300. Zikiwa kimo kimoja, ziachane kwa umbali, mara nyingi maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na ushee. Utasema ni mbali. Lakini ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 900 kwa saa, zinaumaliza umbali huo kwa sekunde 18 hivi.

Tarehe 1 Julai 2002, ndege ya abiria aina ya Tupolev ilikuwa ikitoka Moscow kwenda Barcelona. Wengi waliokuwamo ni watoto wa shule kutoka mji wa Ufa nchini Urusi, wakienda likizo Hispania. Walikuwa wamekosa ndege yao ya awali, wakatafutiwa hii. Wakati huohuo ndege ya mizigo ya kampuni ya DHL, aina ya Boeing 757, ilikuwa ikitoka Bergamo, Italia, kwenda Brussels ikiwa na marubani wawili tu. Zote zilikuwa futi 36,000, njia zao zikikatana kusini mwa Ujerumani, karibu na mji wa Überlingen. Anga ya hapo ilikuwa ikiongozwa kutoka Zurich, Uswisi.

Zurich usiku ule kulikuwa na mwongoza ndege mmoja kazini. Mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika. Haikuwa ruhusa katika kanuni, lakini ilikuwa desturi ya miaka mingi, na wakubwa waliijua. Mafundi nao walikuwa wakifanyia kazi mitambo. Rada ilibaki na uwezo pungufu, na onyo la kwenye skrini la ndege zinazokaribia kugongana halikuwa likifanya kazi. Simu kuu ilizimwa, na ya akiba ilikuwa mbovu.

Ndipo ikaja ndege nyingine iliyochelewa, ikitaka kutua Friedrichshafen. Ilibidi mwongozaji aihudumie kwenye meza ya pili, kwa masafa mengine ya redio. Akawa anasogea huku na huko, anajaribu kupiga simu uwanjani, simu haishiki. Mimi hukaa studio na spika za masikioni, na najua fundi akinisemesha sikio moja wakati nasoma habari, mstari unaofuata naupoteza. Kwangu hasara ni aibu ya sekunde mbili.

Wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliliona tatizo kwenye rada yao kama dakika mbili kabla. Walimpigia Zurich mara kadhaa, hawakumpata.

Alipogundua, zilibaki sekunde 43. Aliwaambia marubani wa Tupolev washuke haraka. Wakaanza kushuka. Sekunde saba baadaye, chombo ndani ya ndege zote mbili, kile kinachopima ukaribu wa ndege nyingine na kutoa amri kwa sauti, kikaamka. Kwa Tupolev kikasema: panda. Kwa DHL: shuka. Vyombo hivyo huwasiliana vyenyewe, ndiyo maana kimoja hupandisha na kingine hushusha. Marubani wa DHL walitii. Kwenye Tupolev, rubani mmoja alisema wazi kwamba chombo kinataka wapande, lakini mwongozaji alirudia: shukeni. Walimfuata binadamu. Hapo mimi siwalaumu, kwa sababu maelekezo waliyokuwa nayo hayakusema bayana nani atiiwe kwanza.

Marubani wa DHL walitangaza kwamba wanashuka. Mwongozaji alikuwa akihudumia ndege ya Friedrichshafen, hakuwasikia. Saa 5:35 usiku, kwa saa za huko, ndege ziligongana zikiwa chini kidogo ya futi 35,000. Watu wote 71 walikufa, 69 kwenye Tupolev na wawili kwenye DHL.

Jambo kama hili lilikuwa limeshaonya. Januari 2001 huko Japani, mwongozaji alichanganya ndege mbili za abiria, rubani mmoja akafuata sauti yake badala ya chombo. Zilikosana padogo sana na watu wapatao 100 waliumia. Kanuni ya kimataifa iliwekwa wazi baada ya Überlingen tu: chombo kikitoa amri, rubani akifuate, hata kama mwongozaji anasema kinyume.

Februari 2004, baba aliyempoteza mkewe na watoto wawili katika ajali hiyo alimfuata yule mwongozaji nyumbani kwake karibu na Zurich, akamchoma kisu hadi kufa. Miezi michache baadaye wachunguzi wa Ujerumani walitoa ripoti yao. Ilitaja kuchelewa kwa mwongozaji, na pia uongozi wa kampuni uliovumilia mtu mmoja kuachwa peke yake usiku. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa kampuni hiyo, wakiwemo mameneja, kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Watatu walipewa vifungo vya nje, mmoja faini.

Mahali mabaki ya Tupolev yalipoangukia pana mnara wa kumbukumbu: mkufu mkubwa wa lulu za chuma uliokatika, shanga zake zimetawanyika kwenye nyasi.