Kwa Nini Nilimwandikia Mwalimu Barua Kuhusu Vita vya Marekani

Binti yangu alikuja na karatasi ya historia kutoka shule. Sababu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe zimepangwa hivi: ushuru, haki za majimbo, na utumwa mwishoni kabisa. Nikamwandikia mwalimu barua usiku uleule. Mume wangu anaona nimekuwa mkali, ndiyo maana naeleza.

South Carolina ilijitoa kwenye Muungano Desemba 1860, Lincoln alipokwisha kuchaguliwa. Majimbo yaliyojitoa yakafika 11. Mississippi ilitoa tamko la sababu zake, na utumwa ndio uliotangulia. Watu karibu milioni 4 walikuwa mali ya wenzao. Vita vikapiganwa kuanzia Aprili 1861 hadi 1865, wakafa zaidi ya 600,000. Virginia tunakoishi nayo ilipasuka: upande wa magharibi ulikataa kujitoa, ukawa jimbo la West Virginia mwaka 1863.

Sasa njoo hapa Richmond, uliokuwa mji mkuu wa waasi. Jenerali wao, Lee, alisalimu amri Aprili 1865. Miaka 25 baadaye, mwaka 1890, wakamsimamishia sanamu, yuko juu ya farasi, barabara pana ikapangwa kumzunguka. Baadaye wakaongezwa wengine, akiwemo Jefferson Davis, rais wao. Lee hakushushwa hadi Septemba 2021! Wanangu walipita chini yake mara nyingi wakiwa kwenye kiti cha nyuma, wakiniuliza yule babu ni nani. Linganisha na kwetu Tanzania: Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo likaanza kujengwa kanisa pale pale Mkunazini. Mimi nasimama na Unguja.

Wala mambo haya hayakuishia Marekani. Pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, wafanyabiashara wa Salem wakaileta Unguja, na misafara ikaipeleka bara kununulia pembe za ndovu na watu. Kitambaa hicho ndicho merikani yenyewe. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi. Mtu kama mimi, mtoto wa kijiji cha Bukima aliyekulia kwenye shamba la pamba, hawezi kusomewa habari hii kama ugomvi wa ushuru.

Binti amesoma barua yangu na kuniomba nisiende shuleni mwenyewe. Nimekubali, ila nimemwambia aseme habari za merikani darasani, maana anazijua vizuri na sauti anayo. Mdogo wake, ambaye hakuna linalompita, akataka kujua Mwalimu Nyerere alipigana upande gani. Nikamweleza kwamba Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwaka ambao sheria ilifuta utumwa Tanganyika. Akahesabu kwa vidole, akauliza kama mama yake bibi alikuwa amezaliwa. Jumamosi tunapiga simu Bukima, amuulize bibi mwenyewe, na kwa Kijita.