Injini Inapopoteza Masikio

Taa ndogo ya manjano yenye sura ya injini inapowaka katika dashibodi ya gari lililokwisha kula miaka mingi barabarani, wenye magari wengi hufanya moja kati ya mambo matatu: huipuuza, huibandika kipande cha tepu isionekane, au huliacha gari kwa fundi na kwenda kutafuta fedha. Kwa askari au polisi ambaye mshahara wake umekwisha kugawanywa baina ya karo, chakula na haja za wazee kijijini kabla haujafika mkononi, jambo hilo la tatu ndilo liumizalo zaidi. Na huumiza maradufu pale ambapo kitu kilichoharibika ni kidogo, kinaenea kiganjani, lakini kimefichwa chini ya vyuma vingi, hata gharama kubwa ikawa si ya kukinunua bali ya kukifikia.

Mfano mzuri ni Toyota Harrier ya toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997 na kuendelea hadi 2003, gari ambalo bado halikosekani katika barabara za Kampala. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipopiga marufuku kuingiza nchini Uganda magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, Harrier hizo haziji tena. Zilizopo ndizo zilizopo, na mwenye nayo hana budi kuitunza.

Baadhi ya magari hayo yana injini iitwayo 1MZ-FE, ya ukubwa wa lita tatu na silinda sita. Silinda hizo zimepangwa safu mbili, tatu upande wa rejeta na tatu upande wa abiria, nazo huegemea kama herufi V. Baina ya safu hizo pana bonde, na chini kabisa ya bonde hilo vimekazwa vihisi viwili, ambavyo mafundi huviita sensa. Juu yake yamelala mabomba ya nozeli za petroli na menifoldi ya chini iingizayo hewa katika silinda, na juu ya menifoldi hiyo likawekwa sanduku kubwa la hewa. Wahandisi walikuwa na sababu njema ya kuchagua mahali hapo, kwani ndipo safu zote mbili husikika vizuri. Ila ni wazi kwamba hawakumfikiria yule atakayelinunua gari hilo likiwa limezeeka, akalifungulia boneti uani kwake.

Kazi ya vihisi hivi ni kusikiliza. Ndani ya kila kimoja mna kipande kigumu cha jamii ya fuwele ambacho kikibanwa au kutikiswa hutoa umeme kidogo, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Petroli ikiwaka katika silinda kabla ya moto wa plagi kuifikia, injini hugonga, nao mgongo huo husikika kama kokoto zinazotikiswa katika kopo. Chuma cha injini hutetemeka mara elfu kadhaa kwa sekunde, kihisi hupokea mtetemeko huo na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari, nayo huchelewesha kidogo cheche za plagi mpaka mgongo ukome. Yote haya hutendeka dereva asijue lolote. Mgongo ukiachwa uendelee huweza kutoboa pistoni, na gharama ya pistoni haifanani hata kidogo na gharama ya kihisi.

Masikio hayo yakifa, kompyuta haibahatishi. Hudhani kwamba huenda injini inagonga na yenyewe haisikii, kwa hiyo hurudisha nyuma cheche kwa tahadhari. Matokeo yake ni gari lililokosa nguvu mlimani na lenye kiu ya petroli, na mara nyingi giaboksi ya otomatiki hukataa kuingia gia ya nne, ile ya mwendo mrefu. Familia inayosafiri kutoka Kampala kwenda Jinja husikia injini ikilia kwa sauti kubwa njia nzima, na baba akaanza kuilaumu giaboksi. Wako waliokwisha kununua giaboksi nzima ya mtumba kwa kosa la waya mmoja.

Waya huo ndio unaostahili kutazamwa kwanza. Mashine ya kusomea hitilafu ikionyesha P0325 au P0330, au 52 na 55 kwa hesabu ya zamani ya Toyota, haisemi kwamba kihisi kimekufa. Husema tu kwamba habari za umeme kutoka upande huo hazifiki inavyopasa. Katika injini hii waya mfupi uunganishao vihisi na mkungu mkubwa wa waya hupita humo humo bondeni, mahali penye joto kali pasipo na upepo, na baada ya miaka zaidi ya ishirini ngozi yake hukauka na kuvunjika kama ganda la yai. Panya nao hupenda kulala humo gari likisimama muda mrefu. Fundi anayebadilisha vihisi viwili vipya na kuuacha waya ule ule mkongwe amefanya nusu ya kazi na kutoza bei ya kazi nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa bolti hata moja, yafaa kutumia mita ya umeme. Betri ikiisha kufunguliwa waya wa hasi, hupimwa kutoka kwenye plagi ya kompyuta kuelekea injini kama waya zimekatika au zimegusana na mwili wa gari. Vihisi vya waya mmoja vya injini hii vina kanuni rahisi: baina ya ncha ya umeme na mwili wa kihisi hapatakiwi kupita umeme wa mita. Ukipita, kihisi hicho hakifai. Usipopita, hiyo bado si hati ya uzima, maana fuwele iliyopasuka nayo hunyamaza vivyo hivyo. Ndiyo sababu watu wenye busara, wakiisha kufungua, hubadilisha vyote viwili pamoja na waya wake, kwani hakuna apendaye kuirudia kazi hiyo mwezi ujao.

Katika kununua, Soko la Kisekka mjini Kampala lina karibu kila kitu, kizuri na kibaya. Kihisi kilichong'olewa katika injini kuukuu kimepikwa katika joto lile lile kama kile kinachotupwa, hivyo bei yake ndogo isimvutie mtu. Kipya cha asili huandikwa namba wazi, na ncha zake ni safi. Ikiwa fedha zinatosha vihisi tu, ni heri kungoja mwezi mmoja zitoshe pia gasketi za menifoldi. Gasketi ya zamani ikirudishwa huweza kuvujisha hewa, na gari likatetemeka likiwa limesimama, ikawa tatizo jipya juu ya lile la kwanza.

Kazi yenyewe humchukua mgeni siku nzima, na haifai kuanzwa saa kumi za jioni. Injini iwe imelala usiku kucha na kupoa kabisa. Bomba la petroli la magari haya hubaki na mkandamizo hata baada ya kuzimwa. Basi kabla ya kufungua betri, fyuzi au rilei ya pampu ya petroli huondolewa, injini ikawashwa mpaka izimike yenyewe, kisha bomba hufunguliwa polepole likiwa limefunikwa tambara. Sigara, jiko la mkaa na taa ya mafuta vikae mbali. Katika nyua za kambi ambako majiko ya majirani yako hatua chache tu, jambo hilo lahitaji kusemwa kwa majirani mapema, tena kwa adabu.

Maji ya rejeta nayo hupunguzwa, kwa kuwa mipira yake hupita karibu na mdomo wa hewa. Hapa akina mama wanapaswa kujua jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Dawa ya rangi iliyochanganywa katika maji hayo aghalabu ni glaikoli, sumu yenye utamu. Mtoto au mbwa akiiona katika beseni ataionja, na kiasi kidogo tu huweza kuharibu figo na kuua. Beseni la jikoni lisitumike kabisa. Maji hayo yatiwe katika dumu lenye kifuniko, liandikwe, liwekwe mahali pa juu. Mtoto akiyanywa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama bado anacheza, kwa maana dalili kubwa huchelewa.

Sanduku la hewa likiisha kuondolewa, plagi tatu za nyuma, zile ambazo katika siku za kawaida hugusika kwa ncha za vidole tu, huonekana wazi. Ni ujinga kuziacha bila kuzibadilisha. Kisha menifoldi ya chini hunyanyuliwa pamoja na nozeli zake, na matundu sita ya kuingilia hewa hubaki wazi yakitazama juu. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Nati moja ikitumbukia humo na injini ikawashwa, silinda imekwisha. Kila tundu lizibwe kwa tambara safi, matambara yahesabiwe, na mtu mwingine, hata kijana wa darasa la sita, apewe kazi ya kuandika hesabu hiyo na kupanga bolti juu ya gazeti kuukuu kwa utaratibu zilivyotoka. Majani na taka za bondeni zifagiwe baada ya kuziba.

Vihisi hufunguliwa kwa soketi ndefu na kutolewa bila kugongwa nyundo. Kipya kisiangushwe sakafuni, na kikianguka kihesabiwe kimekufa. Mahali pake pasuguliwe mpaka chuma king'ae, na nyuzi zake zisipakwe grisi wala kuzungushiwa tepu, kwani kihisi chenye waya mmoja hutegemea mguso wa chuma kwa chuma ili kukamilisha njia ya umeme, na husikia kwa mguso huo huo. Kikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari kwa spana yenye kipimo. Ya kuazima yatosha. Bolti za menifoldi hukazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni.

Wako wanaoitoroka kazi hii kwa kufunga kihisi kipya juu ya injini panapofikika, au kwa kuidanganya kompyuta kwa rezista ndogo ili taa izimike. Taa huweza kuzimika kweli. Lakini kompyuta iliyodanganywa haichukui tena tahadhari, na injini inayogonga huku ikiaminiwa kwamba iko salama ni mbaya kuliko ile yenye taa inayowaka.

Kila kitu kikiisha kurudi, na matambara yote kuhesabiwa, mabomba ya petroli hukaguliwa kwanza kwa kufungulia swichi bila kuwasha, pua ikinusa na macho yakitazama. Maji hujazwa na hewa yake kutolewa. Kisha gari liendeshwe taratibu mpaka lipate moto, na baada ya hapo lipelekwe barabara iliyo wazi kuona kama gia ya nne inaingia. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, maji yatazamwe tena, kwa kuwa kwa kawaida yatakuwa yameshuka kidogo.