Sura ya Tatu: Wito Hupimwa

Mwezi Mei 1844 Mjerumani mmoja wa miaka 34 alifanya makazi Mombasa pamoja na mkewe mjamzito, akiwa na barua ya utambulisho aliyopewa na Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Jina lake lilikuwa Johann Ludwig Krapf. Waswahili na Wamijikenda hawakuwa katika mipango yake. Watu aliokuwa nao moyoni ni Waoromo, ambao alikuwa amejaribu kuwafikia kupitia Uhabeshi kwa miaka kadhaa, mpaka akazuiwa kurudi katika nchi ya Shoa. Mombasa ilikuwa kwake njia ya kuzunguka tu, mlango wa nyuma wa kuingilia alikokusudia.

Tarehe 8 Juni alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Wiki tano baadaye, tarehe 13 Julai, mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo.

Kazi aliyoikusudia kwa Waoromo haikutimia kama alivyotaka. Mwaka 1846 alifungua kituo Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, mwaka 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Kazi iliyodumu ni ile iliyozaliwa njiani.

Tena, huyu si mtu aliyezaliwa na uhakika. Akiwa kijana aliingia chuo cha misheni cha Basel, kisha mwaka 1829 akakiacha kwa kuwa alitilia shaka kama kweli ameitwa. Alirudi kusoma teolojia Tübingen, akatumika kama msaidizi wa mchungaji, na ni baada ya miaka kadhaa ndipo njia ya umisionari ilipofunguka tena. Maisha yake yanafundisha jambo ambalo waumini wengi hawaambiwi: mara nyingi wito haumfikii mtu ukiwa umekamilika. Unaanza na msukumo, halafu unapimwa na maombi, na kanisa, na muda, na kazi yenyewe. Anayekubali kupimwa hugundua mengi ambayo anayesubiri sauti kutoka mbinguni hatayaona.

Wito wa wote, wito wa kila mmoja

Kijana anapomwendea mchungaji wake na kumuuliza, "Nitajuaje Mungu ananiitia nini?" mara nyingi anauliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza lina jibu tayari. Kila Mkristo ameitwa kumfuata Kristo, kumpenda jirani, kusema kweli, kuwatunza wajane na yatima. Hilo halihitaji ndoto wala unabii. La pili ndilo gumu: nimtumikie wapi, kwa kazi gani, na pamoja na nani?

Kwa karne nyingi jibu la swali hilo la pili lilifinywa. Huko Ulaya katika Zama za Kati, mtu "aliyeitwa" alikuwa padri, mtawa au mmonaki, na wengine walihesabiwa kuwa watu wa dunia tu. Martin Luther alikulia katika fikra hizo. Tarehe 2 Julai 1505, akiwa mwanafunzi wa sheria, alipatwa na dhoruba karibu na kijiji cha Stotternheim. Radi ilipopiga jirani naye, alimlilia Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri kwamba atakuwa mmonaki. Siku 15 baadaye alibisha hodi katika monasteri ya Waagostino mjini Erfurt, na baba yake alikasirika vikali.

Nadhiri iliyotolewa kwa hofu ya kifo ilimsumbua Luther kwa miaka mingi. Baadaye alikuja kufundisha kwa nguvu kwamba mshona viatu, mama anayelea mtoto na mtumishi anayefagia nyumba wanamtumikia Mungu sawasawa na mtawa, mradi wanafanya kwa imani na kwa faida ya jirani. Mafundisho hayo yalibadili namna mamilioni ya watu walivyoitazama kazi.

Biblia yenyewe imejaa watu wa namna hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anatajwa kuwa amejazwa Roho wa Mungu, na kazi yake ni kuchonga mbao na kufua dhahabu, fedha na shaba kwa ajili ya hema ya kukutania. Akila na Prisila walishona mahema, na nyumba yao ikawa kanisa. Lidia aliuza nguo za zambarau. Fundi seremala wa Keko jijini Dar es Salaam, nesi wa zamu ya usiku na mwalimu wa darasa la kwanza wasijione watu wa pembeni katika habari hii. Wamo ndani kabisa.

Sauti na masikio ya wengine

Habari za Samweli hufundishwa kwa watoto wa shule ya Jumapili hata wakazikariri, lakini kuna jambo ndani yake ambalo watu wazima hulipita. Kijana huyo aliisikia sauti kweli, tena mara tatu, na mara zote tatu akakosea kuhusu nani anayemwita. Aliyeitambua ni Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa na kasoro kubwa. Samweli alihitaji masikio ya mtu mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa hata Antiokia, katika Matendo ya Mitume sura ya 13. Barnaba na Paulo hawakuamka asubuhi wakafunga safari. Kanisa lilikuwa katika ibada na kufunga, likasikia, likawawekea mikono, likawatuma.

Makanisa ya Afrika Mashariki yamelirithi jambo hili katika taratibu zake. Kwa Walutheri, anayetaka uchungaji huanza kujulikana usharikani, wazee wa kanisa wakamshuhudia, kisha jina lake likapanda hadi dayosisi. Kwa Wakatoliki, mseminari hupita miaka mingi ya falsafa na teolojia, kisha ushemasi, na kabla ya daraja takatifu waamini huulizwa kama kuna anayejua kizuizi. Wapo wanaoziona hatua hizi kama urasimu unaomzimisha Roho. Kwa kweli ni ulinzi, kwa anayeitwa na kwa kundi atakalolichunga.

Gharama ya kukosa ulinzi huo imeonekana. Mwaka 2023 miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Wengi walikuwa waumini walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Kristo. Neno "Mungu ameniambia", likitamkwa na mtu ambaye hakuna anayeruhusiwa kumhoji, linaweza kuua. Hata pale lisipoua, linaacha majeraha: baba anayeacha kazi bila kumshirikisha mkewe na watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, au binti anayeambiwa na "nabii" aolewe na mtu asiyemtaka. Wito wa kweli hauogopi maswali.

Moyo nao una nafasi yake. Mwaka 1521 askari Mhispania, Ignatius wa Loyola, alivunjwa mguu kwa mzinga katika vita vya Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita, lakini nyumbani hapakuwa nazo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Siku zilivyopita akagundua kitu: alipowaza sifa za vita na mapenzi ya bibi mmoja wa hadhi ya juu, alifurahi wakati ule, kisha akabaki mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, furaha ilibaki hata mawazo yalipokwisha. Kwa kulinganisha masalio ya mawazo hayo mawili alianza kujifunza kupambanua, na baadaye akaandika mazoezi ya kiroho ambayo Wajesuiti na wengine wengi wanayatumia mpaka leo.

Miaka ya kungoja

Florence Nightingale alikuwa msichana wa miaka 16, wa familia tajiri ya Uingereza, alipoandika kwamba tarehe 7 Februari 1837 Mungu alisema naye na kumwita katika utumishi wake. Utumishi gani? Hakuambiwa. Alipokuja kuelewa kwamba ni kuhudumia wagonjwa, familia yake ilikataa katakata, maana hospitali za wakati ule hazikuhesabiwa kuwa mahali pa mwanamke wa heshima.

Alingoja, ila hakukaa bure. Aliamka kabla ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, akasoma ripoti za hospitali na takwimu za afya kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 1851 alipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu kwa mashemasi wa kike wa Kilutheri huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1853 ndipo alipokabidhiwa hospitali ndogo London, miaka 16 tangu siku ile ya Februari. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye vita vya Crimea akiwa na wauguzi 38, na maarifa aliyoyakusanya alfajiri zile yakawa silaha yake dhidi ya uchafu uliokuwa ukiua askari wengi kuliko risasi.

Nehemia naye anastahili kutajwa hapa. Hakutokewa na malaika. Alipata habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, akalia, akafunga, akaomba. Kati ya mwezi wa Kislevu na Nisani, kama miezi minne, aliendelea kumpelekea mfalme wa Uajemi kikombe kama kawaida. Mfalme alipomuuliza kwa nini ana huzuni, alikuwa tayari na mahesabu: muda, barua kwa maliwali, mbao za malango. Hitaji lililomliza ndilo lililokuwa wito wake, na uaminifu katika kazi ya kila siku ndio uliomweka mbele ya mtu wa kumsaidia.

Jembe la Apolo

Hakuna mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki kuliko Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda miaka ya 1860, akasoma dini ya Kiislamu, akawa askari, kisha akavutwa na mafundisho ya Wakristo na kubatizwa mwaka 1895. Mke wake alifariki, na hakuoa tena. Kanisa lilimtuma Toro, magharibi mwa Uganda, na mwaka 1896 akavuka mto Semliki kwenda Mboga, mahali panapoitwa leo Boga, katika mkoa wa Ituri nchini Kongo.

Walimu Waganda waliomtangulia Mboga walishindwa. Chifu Tabaro aliwanyima chakula, nao wakaondoka. Apolo alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Baadaye dada yake chifu alichomwa na mkuki wa Apolo kwa ajali na kufariki. Apolo alipigwa, akakamatwa, akapelekwa kufungwa Toro. Katika siku hizo za mateso, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alimwona Kristo akimtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye.

Mpangilio wa mambo hayo una uzito wake. Maono hayakumtoa Buganda kumpeleka Mboga. Alikwenda kwa kutumwa na kanisa, akalima, akafundisha, akaumizwa, na faraja ikamkuta akiwa katikati ya utii. Alipoachiliwa alirudi kulekule alikopigwa. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, na katika miaka yake ya mwisho akaingia msituni kwa Wambuti, akaifasiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, baada ya kuagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa bado. Kutokana na kanisa alilolilea Mboga lilikua Kanisa Anglikana la Kongo.

Pa kuanzia

Watu hawa hawafanani kwa tabia wala kwa karne, lakini hatua zao zinakaribiana. Waliliona hitaji likakataa kuwatoka. Waliliombea kwa muda mrefu. Wengi wao walikubali kusikilizwa na kupimwa na wengine. Walijifunza kazi, maana upendo usio na ujuzi humchosha anayehudumiwa. Walianza na kilichokuwa mikononi mwao, na mlango ulipofungwa hawakufikiri kwamba Mungu amewatupa.

Basi msomaji anayejiuliza kuhusu wito wake asingoje radi ya Stotternheim. Achukue daftari aandike hitaji moja ambalo limemkosesha usingizi kwa zaidi ya mwaka: watoto wa mtaa wake wasiojua kusoma, wagonjwa wasio na wa kuwapikia, wafungwa wasiotembelewa. Aliombee kila siku kwa jina. Awaendee watu watatu wanaomjua vizuri, mmoja wao awe mchungaji, padri au mzee wa kanisa, na mwingine awe mtu asiyeogopa kumwambia ukweli, awaulize wanaona karama gani ndani yake na kasoro gani. Kama ana mwenzi wa ndoa, huyo asikilizwe kwanza kuliko wote. Kisha, kabla mwezi haujaisha, afanye kazi moja ndogo inayogusa hitaji hilo, bila kutangaza kwamba ameitwa, na aendelee nayo kwa mwaka mzima. Mwaka ukiisha, arudi kwa watu wale watatu na kuwauliza tena.